Mpango wa kudhibiti uchovu wa wafanyakazi wa ardhini kiwanjani: tathmini ya msimamizi wa zamu

Kampuni ninayoifanyia kazi huhudumia ndege ardhini katika mojawapo ya viwanja vya kimataifa vya Tanzania, kwenye ukanda wa pwani. Msimu uliopita ilinunua kutoka kwa mshauri wa nje mpango kamili wa kudhibiti uchovu wa wafanyakazi wa zamu: rosta mpya, chumba cha kupumzikia, programu ya simu ya kuangalia na kubadilishana zamu, basi la wafanyakazi, pamoja na mafunzo mafupi kwa wasimamizi. Mimi ni msimamizi wa kikosi cha maegesho ya ndege, yaani wapakiaji mizigo, madereva wa matrekta na waongozaji ndege, kwa hiyo mpango huu umenigusa pande zote mbili: ninapanga watu kwa kuufuata, na mimi mwenyewe ninapangwa nao. Majina ya kampuni, ya mshauri na ya kiwanja nimeyaacha. Ninaandika kwa ajili ya wasimamizi, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi na wenzangu wa viwanja vingine, ambao huenda wakaletewa mpango wa namna hii na kutakiwa kutoa maoni kabla haujanunuliwa.

Niseme mapema ninachokiamini. Kipimo cha kwanza cha mpango wowote wa uchovu ni saa ambazo mtu anaweza kweli kulala kati ya zamu moja na nyingine, zikihesabiwa kuanzia mlango wa nyumba yake na si kuanzia geti la kiwanja. Viti vya kujilaza, kahawa na mabango ya ukutani vinafuata nyuma sana. Mpango huu umefaulu pale ulipozihesabu saa hizo kwa haki, na umepwaya kila ulipozisahau.

Rosta ndiyo sehemu bora kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Katika rosta ya zamani zamu zilirudi nyuma: mtu alianza na usiku, akaenda mchana, akamalizia asubuhi. Zamu ya mchana iliisha saa 4 usiku na ya asubuhi ilianza saa 12, hivyo katikati kulikuwa na saa 8 tu. Toa muda wa kusubiri usafiri na kufika nyumbani, toa muda wa kuoga na kula, toa tena muda wa kuamka saa 9 na nusu alfajiri ili kuwahi gari. Kilichobaki kilikuwa usingizi wa saa 3 au 4, tena usingizi wa mang'amung'amu, kwa sababu anayeogopa kuchelewa kazini hulala sikio likiwa wazi. Mtu huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa trekta la kusukumia ndege asubuhi hiyo, abiria wakiwa wameshafunga mikanda ndani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Inaruhusu mapumziko hayo yapunguzwe hadi saa 8 kwa masharti, na mojawapo ya masharti hayo ni kuwapo makubaliano ya maandishi. Wengi wetu tulisaini karatasi hiyo siku ya kuajiriwa, katikati ya fomu za benki na za mfuko wa hifadhi ya jamii, bila mtu kutueleza maana yake. Mpango mpya umeifuta kabisa njia hiyo, na programu ya simu haikubali kumpanga mtu yeyote kabla saa 12 hazijatimia. Hata kama mpango huu usingekuwa na jambo jingine lolote, hili peke yake lingetosha kunifanya niutetee.

Rosta yenyewe sasa inakwenda mbele: zamu 2 za asubuhi, 2 za mchana, 2 za usiku, kisha siku 2 za ofu, na mzunguko unaanza tena. Kila zamu ina saa 8, kwa hiyo mzunguko wa siku 8 una saa 48 za kazi, ambazo ni wastani wa saa 42 kwa wiki, chini ya kikomo cha kisheria cha saa 45. Uzuri wake unaonekana pale zamu ya aina moja inapoungana na ya aina nyingine. Mtu akimaliza asubuhi yake ya pili saa 8 mchana, zamu ya mchana inamkuta siku inayofuata saa 8, yaani baada ya saa 24 kamili. Akimaliza mchana wa pili saa 4 usiku, zamu ya usiku nayo inamkuta baada ya saa 24. Mwili wa binadamu huona wepesi kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha, na rosta inayokwenda mbele inafuata mkondo huo badala ya kupambana nao.

Jambo la usiku 2 tu mfululizo lilipingwa sana na baadhi ya wenzetu, waliozoea kufanya usiku 5 au 6 mfululizo ili wapate ofu ndefu ya kusafiri kwenda kwao. Ninawaelewa, kwa sababu mtu ambaye mzazi wake yuko mkoa wa mbali anaihitaji ofu hiyo kwa dhati. Hata hivyo, Simon Folkard na Philip Tucker, katika uchambuzi wao wa tafiti za ajali kazini uliochapishwa mwaka 2003, walionyesha kwamba hatari huongezeka usiku hadi usiku: usiku wa pili ilikuwa juu kwa takribani asilimia 6 kuliko wa kwanza, wa tatu asilimia 17, na wa nne asilimia 36. Kwa anayekaa ofisini hizo zinaweza kuonekana kama namba tu. Kwa anayerudisha nyuma gari la mkanda wa kupandishia mizigo, mita chache kutoka kwenye ubavu wa ndege, katika mwanga wa taa za nguzo, zina maana nyingine kabisa.

Pamoja na sifa hizo, rosta ina kasoro mbili ambazo mshauri alitakiwa kuziona kabla hatujamwonyesha. Ya kwanza ni ofu. Usiku wa pili unaisha saa 12 asubuhi ya siku ya kwanza ya ofu, na zamu ya asubuhi inaanza saa 12 ya siku inayofuata ofu ya pili. Kwa hesabu ya saa hizo ni 48 kamili na sheria imetimizwa, kwa kuwa inataka angalau saa 24 za mapumziko kwa wiki. Kwa hesabu ya maisha, siku ya kwanza yote inakwenda kwenye kulipa deni la usingizi, na usiku wa siku ya pili mtu anatakiwa alale mapema kwa sababu ataamka alfajiri. Kinachobaki cha kukaa na watoto, kwenda msibani au kufuatilia jambo serikalini ni siku moja isiyotimia. Tumependekeza ofu ya tatu baada ya kila mzunguko wa pili, na hesabu tuliyoifanya na mhasibu wa kituo inaonyesha kwamba inawezekana kwa kuongeza watu wachache, kwa sababu gharama ya ovataimu tayari imeshuka.

Ya pili ni saa ya kuanza zamu ya asubuhi. Watu wengi hudhani zamu inayochosha ni ya usiku peke yake, lakini mtu anayeanza kazi saa 12 asubuhi huamka kabla ya saa 10, na ni nadra aweze kulala saa 2 usiku ili kufidia, kwani hiyo ndiyo saa ya chakula, ya watoto na ya taarifa ya habari. Zamu hii imebaki palepale kwa sababu ndege za kwanza za ndani huondoka mapema, jambo ambalo kweli haliepukiki. Lakini si kikosi kizima kinachohitajika saa hiyo. Nusu yake ingeweza kuanza saa 1 na nusu, na ndege zote zingeondoka kwa wakati kama zinavyoondoka sasa.

Chumba cha kupumzikia kilipofunguliwa, viongozi walikuja kupiga picha, na picha hizo zilionyesha viti vizuri vya kujilaza, pazia zito na kiyoyozi kinachofanya kazi. Kiliwekwa televisheni kubwa ukutani. Ndani ya muda mfupi kiligeuka ukumbi wa mpira, na hakuna aliyelala. Baada ya televisheni kuhamishiwa kantini, chumba kikaanza kufanya kazi yake, na utaratibu wake sasa ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Kuna ubao mlangoni. Kati ya saa 8 na saa 11 usiku kila mtu anaandikwa jina na nusu saa yake, mwenzake anayefuata kwenye orodha ndiye anayemwamsha, na akishaamka haruhusiwi kushika usukani wala kuongoza ndege mpaka dakika 15 zipite. Kanuni hiyo ya dakika 15 ilipokewa kwa manung'uniko mwanzoni, lakini ina msingi: ubongo unapoamshwa huchukua muda kabla haujarudi sawasawa, na mtu aliyetoka usingizini dakika hiyohiyo anaweza kutembea na kujibu salamu huku akili yake bado iko nyuma. Nusu saa nayo haikuchaguliwa ovyo. Ukiipita sana unaingia kwenye usingizi mzito, na kuamka kwake ni kugumu zaidi. Katika ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya mwaka 1994, marubani wa safari ndefu walipewa nafasi ya dakika 40 wakiwa safarini, wakalala kwa wastani wa dakika 26 hivi, na wakawa makini kuliko wenzao ambao hawakupewa nafasi hiyo.

Wapo wasimamizi, hata wa kampuni yetu, ambao bado wanauona usingizi wa kazini kuwa uvivu. Kwao nataja tukio la Seattle, Marekani, la tarehe 13 Aprili 2015. Mpakiaji mmoja wa mizigo, aliyekuwa ameanza kazi saa 11 alfajiri, alisinzia ndani ya tumbo la ndege aina ya Boeing 737 ya Alaska Airlines, mlango ukafungwa, na ndege ikaruka kwenda Los Angeles mwendo wa saa 8 na dakika 39 mchana. Alizinduka ndege ikiwa inapaa, akagonga kuta mpaka watu wa juu wakamsikia, na rubani akarudi kutua baada ya dakika 14. Alitoka mzima kwa sababu sehemu ile ya mizigo ilikuwa na hewa na joto la kutosha. Waliowahi kupakia 737 wanajua mahali hapo palivyo: huwezi kusimama wima, unapiga magoti juu ya sakafu ya chuma huku ukivuta mabegi ya kilo 23, na lile giza na mlio usiobadilika wa mtambo wa mkiani vinatosha kumlaza mtu aliyechoka. Mwili uliozidiwa hulala popote ulipo, na msimamizi anachoweza kuchagua ni mahali tu. Mimi nimechagua kiti chenye jina la mtu kwenye ubao.

Kasoro ya chumba haiko kwenye chumba chenyewe. Ndege ya saa 7 usiku ikichelewa na kukutana na ya saa 9, maegesho yanajaa na majina yote ubaoni yanafutwa, na hakuna utaratibu wa kuwarudishia watu nusu saa zao baadaye. Usiku wa namna hiyo ndio ambao mapumziko yanahitajika kuliko usiku wowote. Aidha, chumba ni kimoja. Wanawake wa kikosi cha maegesho wametengewa kona yenye pazia, na wengi wao, kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa, hawalali pale. Kampuni iliyoweza kununua televisheni isiyohitajika isingeshindwa kujenga ukuta wa mbao. Nimeliandika hili katika ripoti zangu za mwezi na nitaendelea kuliandika.

Kantini imebadilika kimya kimya, na ninaipongeza. Zamani saa 8 usiku mtu alijaziwa sahani ya wali na maharage, na saa moja baadaye kikosi kizima kilikuwa kinapiga miayo. Sasa chakula kikubwa kinatolewa kabla ya saa 6 usiku, na baada ya hapo kuna uji, mayai, supu na matunda. Kahawa haitolewi kwa walio zamu ya usiku baada ya saa 9, kwa kuwa saa 5 hivi baada ya kuinywa nusu ya nguvu yake bado iko mwilini, na anayekunywa saa 11 alfajiri anakwenda nayo mpaka kitandani. Maduka ya nje ya geti bado yanauza vinywaji vya kuongeza nguvu usiku kucha, na hilo liko nje ya uwezo wa mpango. Mwezi wa Ramadhani haukutajwa popote katika nyaraka za mshauri, jambo la kushangaza kwa mpango uliokusudiwa kiwanja cha pwani. Wasimamizi tulikaa wenyewe na kusogeza mapumziko ya zamu ya usiku ili waliofunga wapate daku kwa utulivu, na tukawaondoa kwenye kazi za kubeba mizigo katika saa za mwisho za zamu ya mchana kabla ya kufuturu. Itafaa utaratibu huo uandikwe rasmi usitegemee huruma ya aliye zamu.

Sasa nije kwenye programu ya simu. Inaonyesha rosta ya wiki 4 mbele, na faida yake haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kupangiwa kazi ya kesho kwa ujumbe wa saa 3 usiku. Inakataa kubadilishana zamu kunakovunja saa 12 za mapumziko, na inazuia ovataimu ikifikia saa 50 katika wiki 4, ambacho ndicho kikomo cha sheria. Kabla ya kuanza zamu inamuuliza kila mtu hali yake kwa kipimo cha ngazi 7 kinachotumika pia kwa marubani, ambapo 1 ni kuwa macho kabisa na 7 ni kuchoka kiasi cha kutoweza kufanya kazi vizuri.

Wiki za mwanzo karibu kila mtu aliandika 2. Niliyekuwa nawaona machoni nilijua kwamba si kweli, na wao walijua kwamba najua. Hakuna mfanyakazi wa kipato chetu atakayejitangaza kuwa amechoka kama anadhani atarudishwa nyumbani bila malipo ya siku hiyo. Hali ilibadilika pale menejimenti ilipotoa waraka kwamba anayetaja 6 au 7 atahamishiwa kazi isiyo ya usukani, kama kupanga mabegi au kuhesabu vifaa, kwa malipo yaleyale na bila kuandikwa popote katika faili lake. Waraka peke yake haukutosha. Kilichowafanya watu waamini ni siku dereva mmoja mzoefu, mtu wa heshima kazini, alipoandika 6 baada ya kuuguza mtoto usiku kucha, akahamishiwa ukumbi wa mizigo, na mwisho wa mwezi akapata mshahara wake kamili. Tangu hapo majibu yanafanana zaidi na nyuso ninazoziona.

Imani hiyo ndiyo inayoamua pia kama mtu ataripoti alipogusa ndege. Mwaka 2005, siku moja baada ya Krismasi, ndege aina ya MD-83 ya Alaska Airlines iliyotoka Seattle ilipasuka tundu ubavuni ikiwa angani, kwenye futi 26,000 hivi, na ikalazimika kurudi. Ilibainika kwamba gari la mizigo liliigonga ilipokuwa maegeshoni na mhusika hakuripoti. Siku hizi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ndege kama Boeing 787, ambazo Air Tanzania nayo inazo, zina gamba la nyuzi za kaboni ambalo linaweza kupata madhara ndani huku nje likionyesha alama ndogo tu. Saa 11 alfajiri, mtu aliyechoka anaweza kuiona alama hiyo na kujiambia kwamba ni uchafu. Programu ina kitufe cha kuripoti tukio pamoja na picha, nacho ni chepesi kutumia hata ukiwa umevaa glavu, ila kinampeleka mtu kwenye fomu yenye maswali mengi mno kabla haijamfikia fundi. Ninawashauri vijana wangu wapige redio kwanza, fomu ifuate.

Kuna jambo ambalo programu haiwezi kuliona, nalo ni pesa. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa, na kwa familia nyingi ndiyo ada ya shule na kodi ya nyumba. Nyongeza ya kisheria ya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na haiwezi kuziba pengo lililoachwa na ovataimu iliyokatwa. Baadhi ya wenzetu sasa wanaendesha bodaboda siku za ofu, wengine wanashinda kwenye maduka ya ndugu zao. Kwenye skrini ya msimamizi wanaonekana wamepumzika saa 48. Kwa kweli uchovu wao umehama tu kutoka kwenye hesabu ya kampuni kwenda kwenye hesabu isiyoandikwa, na unarudi kiwanjani nao asubuhi ya zamu. Nilimwuliza mshauri kuhusu hili akajibu kwamba liko nje ya mkataba wake. Ninaona mkataba wa kudhibiti uchovu usiogusa kiwango cha mshahara umeacha nje chanzo kimoja kikubwa cha uchovu huo.

Basi ndilo sehemu dhaifu kuliko zote, ingawa lingeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Ni moja, linazunguka mitaa yote kwa mpangilio uleule kwenda na kurudi, na haliondoki mpaka wa mwisho aingie. Aliyemaliza zamu ya usiku saa 12 asubuhi anakabidhi kazi, anakaa kwenye kiti akingoja wenzake, na anayeishi mwisho wa njia anafika kwake saa 2 na nusu jua likiwa limeshapanda. Hapo ndipo kazi ya kulala inapoanza. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja au viwili chini ya paa la bati. Katika miezi ya kaskazi, kufikia saa 4 asubuhi bati hilo limeshika moto, feni inazungusha hewa ya moto, na umeme ukikatika hata hiyo hakuna. Nje kuna muuza maji, kuna spika ya duka la simu, kuna watoto wa jirani ambao hawana kosa lolote. Mtu anajigeuzageuza mpaka adhuhuri bila kupata hata lepe la usingizi, kisha saa 4 usiku anarudi kazini akiwa amekuwa macho muda mrefu kuliko inavyokubalika. Utafiti wa Drew Dawson na Kathryn Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hushuka uwezo kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu dereva akifikie. Geti letu lina kifaa cha kupimia pombe. Saa za kuwa macho hazipimwi.

Mabasi mawili madogo yanayoondoka saa 12 na nusu bila kungoja yangempa kila mtu karibu saa nzima ya usingizi kabla joto halijakolea. Mafunzo ya mpango yalitufundisha kutundika pazia jeusi dirishani, kutumia vizibo vya masikio na kuwaeleza majirani ratiba zetu, na ushauri huo ni mzuri. Wake, waume na wazazi wetu walialikwa kwenye kipindi kimoja cha mafunzo, na wengi wao walisema ndiyo mara ya kwanza kuelezwa kwa nini anayelala mchana hatakiwi kuamshwa kwa ajili ya mgeni au simu. Kipindi hicho kilisaidia kuliko mabango yote.

Kwa wanaofikiria kuununua mpango wa aina hii, lipo jambo la kuangalia kwenye mkataba kabla ya bei: nani amo na nani hayumo. Marubani na wahudumu wa ndani wana mipaka ya saa za kazi inayotokana na Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Mpakiaji mizigo analindwa na sheria ya kazi ya nchi na nia njema ya mwajiri wake tu. Umoja wa Ulaya ulichapisha mwaka 2025 kanuni zake za huduma za ardhini, ambazo zitaanza kutumika mwaka 2028, lakini kwetu kampuni bado inajipangia yenyewe. Kwa hiyo mpango unamhusu tu yule aliyeandikwa ndani yake. Hapa kwetu wasafishaji wa ndani ya ndege wameajiriwa na wakala mwingine, wanafanya zamu zenye urefu wa saa 12, hawamo kwenye programu, hawapandi basi, na majina yao hayaandikwi ubaoni. Wanaingia kwenye ndege ileile, usiku uleule, wakipita chini ya bawa lilelile ambapo madereva wangu wanarudisha magari nyuma.

Ombeni kuona rosta ya wiki 4 kabla ya kusaini, kisha kila mtu aandike pembeni saa anayotoka nyumbani kwake na saa anayorudi. Ombeni nakala ya makubaliano yoyote ya kupunguza mapumziko hadi saa 8 ambayo wafanyakazi walishawahi kuyasaini, na muulize kama yataendelea kutumika. Dai rosta ipitiwe upya kila ratiba za ndege zinapobadilika, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa sababu ndege moja ikisogezwa kwa saa moja na nusu inaweza kuvuruga usingizi wa kikosi kizima. Sisi tumekubaliwa mapitio ya Oktoba, na tumeshawasilisha kwa maandishi madai manne: ofu ya tatu, basi la pili, ukuta wa chumba cha wanawake, na wasafishaji kuingizwa kwenye mpango mkataba wa wakala wao utakapofika wakati wa kuhuishwa.